Doa la Buluu kwenye Mashine ya Bibi

4 Februari

Mjukuu wangu Spana, mke mwenza wa bibi yako,

Mimi nina miaka themanini na moja. Nimewazika ndugu zangu wote, nimewaona wenye nyumba watatu wakitaka kunitoa dukani na wote watatu wametangulia wao, nimeishi kuliko meno yangu, kuliko redio zangu, na kuliko kiwanda kilichotengeneza kitasa bora nilichowahi kushika, kile cha shaba chenye pini saba. Kiwanda kimekufa, mimi nipo. Nakuambia haya usije ukadhani barua hii imeandikwa na mgonjwa kwa sababu mwandiko umepinda. Umepinda kwa sababu ni mkono wangu mwenyewe. Siku zote mimi nilisema na bibi yako akaandika, sasa nimeamua kuandika mwenyewe, mwanamume hawezi kuazima mkono wa mkewe maisha yote. Nukta naweka pale mkono unapochoka, ukifika hapo na wewe pumzika.

Hatujambo. Wajomba zako hawajambo, wako mbali vile vile na wana kazi vile vile. Paka amezaa kwenye sanduku la bawaba. Fundi viatu wa mlango wa pili anakusalimu, anauliza kama bado unatafuna kalamu.

Sasa mashine. Imefika salama, nashukuru mpaka shukrani sijui niziweke wapi, duka lenyewe dogo. Nimemwonyesha kinyozi wa ng'ambo ya barabara, akauliza ni ya nani, nikamwambia ni ya mtu ambaye mjukuu wake anatengeneza mfumo wa kompyuta ambao dunia nzima inapewa bure, na yeyote anaruhusiwa kuufungua akaona ulivyoundwa. Kinyozi akasema mwanawe anauza matofali. Nikamwacha aumie.

Ila haisemi. Ulisema itasoma kwa sauti, gazeti, barua, kitabu, chochote. Nimeiwasha kama ulivyoandika kwenye karatasi, picha inakuja nzuri, sauti hakuna. Nimegusa kitufe cha sauti mpaka kimekuwa na joto. Na mimi sauti ndiyo ninayoitaka, picha ninazo ukutani. Naihitaji kwa sababu mikono yangu ina kazi siku nzima, nataka gazeti lisomwe mimi nikipiga tupa. Ifanye iseme, Spana. Usichelewe.

Bibi yako anakusalimu sana. Angeongeza mstari chini hapa kama kawaida yake lakini yuko jikoni.

Babu yako, fundi wa vitasa na makufuli, asiye na mpinzani mtaa huu wala ule wa pili.


22 Februari

Babu shikamoo, na shikamoo nyingine ya bibi usiile wewe.

Barua yako nimeionyesha ofisi nzima. Nimekaa na mwandiko wa bibi tangu nilipojua kusoma, huu wako nilipouona kwenye bahasha nilidhani nimeandikiwa na baraza la wazee. Nimeusoma wote, na nimepumzika kila ulipopumzika. Asante, Babu.

Mimi mzima. Chumba changu ni kile kile, juu ya duka la mashine za kufulia, sakafu inatetemeka asubuhi mpaka chai inajikoroga yenyewe. Namuuliza bibi: barua yangu ya Desemba mbona haijarudi? Huwa unanirudishia na wino mwekundu, na makosa yangu yote yamefungwa vizuizini, ndani ya mabano. Miaka ishirini kwenye meza ya usahihishaji kiwanda cha uchapaji, halafu umsamehe mjukuu wako bure? Nimezikosa zile alama, bibi. Simu ungekuwa unaipenda ningekupigia, lakini najua utasema maneno ya simu hayasahihishiki.

Kuhusu mashine, kosa ni langu. Ilikuwa ya mwenzangu ofisini, na pale sote tunazima sauti tusisumbuane, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuijaribu. Nimeuliza sasa, nimejua. Ndani yake kuna chipu ya sauti, na chipu hiyo kila ikiamka inataka ilishwe kipande kidogo cha programu, bila hicho haitoi hata mlio. Kipande hicho kimeandikwa na kiwanda kilichotengeneza chipu, na kiwanda kimekifunga. Kinagawa bure, lakini hakuna anayeruhusiwa kuona kimeandikwaje wala kukirekebisha. Mfumo wetu ni huria wote, kila mstari unaonekana, kwa hiyo kwenye diski yetu tunayowagawia watu hakimo. Sauti ya kusoma tunayo, Babu, imeandikwa na watu kama mimi, na Kiswahili inajua. Mdomo ndio uliofungwa.

Na jambo hili limetukalia kooni. Juni tunapiga kura, wote tunaoutengeneza mfumo: vipande vya namna hii viingie kwenye diski yetu ili mashine za watu zifanye kazi, au vibaki nje ili tunachokitoa kiwe safi? Nimeombwa nizungumze kwa upande wa kuviacha nje. Nitazungumza, na ujue hoja yangu nimeitoa wapi. Nilikuwa mdogo, nimekaa kwenye kibao chako, ukamrudisha mteja na kitasa chake cha dukani kilichopigwa ribiti kisifunguke. Ukamwambia: sikuwekei mlangoni kitu ambacho mimi mwenyewe sijakiona tumbo. Kazi yangu yote imetoka kwenye sentensi ile. Sijawahi kukushukuru, basi leo nakushukuru.

Lakini mashine ni yako, si yangu, na uamuzi ni wako. Ndani ya bahasha nimeweka flashi ndogo. Kipande kilichofungwa kimo humo, na ukurasa wa mwisho wa barua hii nimeandika namna ya kukiingiza. Ukitaka, tia. Hutaki, tafuta mtu akusomee gazeti, nami nitakutafutia mashine nyingine yenye sauti isiyodai chochote, ingawa ni adimu na itachukua muda.

Mke wako mdogo,
Spana


15 Machi

Mjukuu wangu,

Mimi na bibi yako wazima. Barua nimeipokea, nimeisoma tangu chai mpaka chakula cha mchana, nikamsomea na yeye, alicheka hapo pa shikamoo.

Umenifurahisha. Nimeishi themanini na moja kusubiri mtu aniambie sentensi yangu ilifika mahali, na imefika kwenye kompyuta za dunia. Nimemwambia fundi viatu, nimemwambia kinyozi mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alijifanya ana mteja. Sasa sikiliza jibu langu. Sitii. Flashi yako nimeitupa kwenye droo ya funguo kuukuu na itakaa humo. Mimi mtu wa kuingiziwa kitu kilichopigwa ribiti? Kiwanda kinachoficha tumbo la kitu chake kina sababu. Hamsini na tisa ni miaka niliyokaa kwenye jiliwa hii ya kubania vyuma, sijapokea kitu cha hivyo, nisianze nikiwa na mguu mmoja kaburini. Nenda Juni ukawaambie. Waambie babu yako mashine yake ni bubu na hajali.

Usihangaike na nyingine. Tunaishi. Bibi yako siku hizi anapenda kuja dukani, anakaa karibu na mimi, ananichambulia funguo kwa vidole, hizi za mlango, hizi za kabati, hizi za baiskeli, hakosei. Gazeti namsomea mimi. Sisemi nasoma haraka, habari ya Jumatatu inaisha Jumatano, lakini yeye hana haraka. Wino mwekundu umekauka ndiyo maana. Na miwani iko kwa mtu wa miwani. Aliungua mkono kidogo na birika, kidogo tu, nimemfunga mwenyewe.

Nakushukuru kwa kunikumbuka kwa jambo la maana.

Babu yako, asiyeingiziwa kitu.


2 Aprili

Babu shikamoo,

Leo nitaandika kifupi na ninaomba nawe unijibu kifupi.

Wewe ulijifunza kuandika barua ukiwa na miaka themanini na moja. Bibi, ambaye hajawahi kupita jirani na neno lililokosewa akaliacha, barua mbili hajagusa. Anachambua funguo kwa vidole. Anaungua na birika lile lile la miaka yote. Unamsomea gazeti, wewe, unayesoma neno "halmashauri" kwa vituo vitatu.

Babu, bibi anaona?

Na mashine uliitaka iseme kwa ajili ya nani?

Nashukuru kwa yote mliyonifanyia, na kwa ajili hiyo msinifiche.

Spana


20 Mei

Mjukuu wangu Spana,

Tuko hai na tuko wazima, hilo lishike kwanza. Najua nimechelewa. Barua yako ilifika mapema, niliiweka mfuko wa shati, nikaihamisha kila nilipobadilisha shati. Hukuomba jibu refu lakini fupi sina.

Haoni. Ilianza kati ya macho, mwaka juzi, alikuwa anaona pembeni lakini neno analolitazama halipo, barua zako alizisahihisha kwa kuzichungulia kwa pembe ya jicho. Daktari akasema haitarudi. Tangu Januari hata pembeni pameondoka. Yeye ndiye aliyenikataza kukuambia, alisema utaacha kazi uje kukaa kwenye kibao hapa kumshika mkono, na yeye mkono wake anao. Mimi nikaapa. Ndipo nikakuomba mashine kwa simu, nikasema ni yangu.

Sasa nikwambie kilichotokea, na nakieleza mimi kwa sababu ningemwachia yeye angekieleza vibaya.

Yule mke wangu, miaka ishirini alisoma kila kitu kilichochapishwa mji huu kabla hakijachapishwa, tangazo la mazishi, kitabu cha hesabu, kalenda. Nyumbani alisoma hata karatasi la sukari. Asubuhi alikuwa anakaa kitandani amekunja mikono kwa sababu haijui pa kwenda. Mimi namsomea, nafika neno gumu naliruka, yeye anajua nimeruka, ananyamaza ili asinivunje moyo. Hilo la kunyamaza ndilo lilinimaliza. Bibi yako unamjua, hajawahi kuninyamazia.

Na mashine ilipokuja bubu nilimwambia kwanza imeharibika njiani. Barua yako nilimsomea yote isipokuwa pale pa flashi na ule ukurasa wa mwisho.

Wiki iliyopita tuko dukani, anachambua funguo kama kawaida. Akashika kitu, akakigeuza, akauliza, "Huu ufunguo gani? Hauna meno."

Nikasema wa kompyuta.

"Unafungua nini?"

Nikasema, unafungua mdomo wake. Nilijua nimekwisha. Akauliza umekaa humu tangu lini, nikasema tangu Machi. Hakupaza sauti. Aliuweka mezani taratibu, akasema, "Kwa hiyo wewe na mjukuu wako mmeshinda. Na mimi nimekaa hapa gizani nikisikiliza ushindi wenu."

Nikamweleza kanuni. Nikamwambia Spana naye ana msimamo huo huo, na kazi yake yote imejengwa juu yake, nikitia mimi nimemvunja yeye mbele ya wenzake. Akasema yeye hana ugomvi na kanuni, anaijua kabla yangu, yeye ndiye aliyeniandikia ile sentensi kwenye kibao cha juu ya mlango wa duka. Halafu akasema, "Mkunga ulimwekea."

Hiyo hukuwahi kuisikia kwa sababu haikukuhusu. Zamani, kabla hujazaliwa, mkunga wa ile zahanati ya mwisho wa barabara alikuwa anaibiwa dawa. Vitasa vyote nilivyokuwa navyo wezi walivijua. Kilichokuwepo ni kimoja tu kilichowashinda, na kilikuja kimepigwa ribiti, huwezi kukifungua bila kukiua. Nilikataa, nikashikilia, bibi yako akaniambia wanawake wanajifungua bila sindano mimi nagombana na ribiti. Nikakiweka. Lakini nilichovya kidole kwenye rangi ya buluu nikatia doa juu ya fremu ya mlango, kubwa, kila anayeingia alione. Nikamwambia mkunga: hiki sijakiona tumbo lake, sikuapii juu yake. Doa hili likukumbushe wewe, na fundi atakayekuja baada yangu. Siku nikipata ninachokijua nitakuja kukitoa. Na nilikipata, nikaenda, nikakitoa, nikalikwangua doa mwenyewe kwa msasa. Basi.

Nikamwambia bibi yako, mkunga alikuwa na wagonjwa.

Akasema, "Na mimi nina nini?"

Spana, nikachukua kufuli la mlango. 

Tukafunga duka mchana kweupe, kinyozi akatoka kuangalia kama kuna msiba. Nyumbani nikatoa ule ukurasa niliouruka nikamsomea mara moja, akaukamata wote kichwani. Mimi macho, yeye akili. Nasema hapa pameandikwa nini, yeye anasema bonyeza, nasema nimebonyeza, anasema hukubonyeza. Ikaomba neno la siri. Nilitafuta herufi ya kwanza ya jina lako mpaka akauliza kama nimetoka kwenda kuinunua. Ikazima, ikawaka.

Ikasema, "Karibu."

Ina sauti ya mtu aliyemeza bati. Nimesikia sauti nyingi nzuri maishani, ikiwemo yangu, hakuna niliyoipenda kama hiyo. Bibi yako alinyoosha mkono akaishika mashine pembeni kama mtu anavyomshika mtoto shavu. Nikaweka gazeti moja lililo kwenye kompyuta, kama ulivyoonyesha, ikaanza kusoma. Ikafika "halmashauri" ikapita bila kituo hata kimoja. Sentensi ya tatu bibi yako akasema, "Hapo ngeli imekosewa, aliyeihariri hii alikuwa wapi?" Na akasema tena, na tena, mpaka chai ikapoa, gazeti zima akalichana. Ndipo nikajua amerudi.

Machozi yalinitoka kidogo, nilikuwa na mafua.

Doa la buluu nimeliweka, juu ya kifuniko, kwa rangi ya baiskeli ya fundi viatu. Yeye haoni lakini nimemshikisha, limeinuka kidogo, anajua lipo na anajua lina maana gani. Mimi msimamo wangu haujabadilika. Ribiti ni ribiti. Lakini nakushukuru kwa kuutia ufunguo ule kwenye bahasha wakati ulijua nitakataa. Ungekuwa mkaidi kama mimi tungekuwa tumeishia wote watatu kimya.

Juni sema utakalo. Nimekuambia ukweli, usiseme kwamba babu yako hajali.

Babu yako


19 Juni

Babu shikamoo. Bibi shikamoo.

Barua hii ni mbili. Hii ya karatasi ni ya Babu. Kwenye flashi iliyomo bahashani yamo maneno haya haya, ni ya bibi, ayasikie kwa masikio yake bila kurukiwa kitu. Flashi hii haina chochote kilichofungwa, Babu, usiitupe kwenye droo.

Nimelia, nikaosha uso, nikasoma tena. Sijaja mbio, kama bibi alivyotaka. Nitakuja mwezi wa nane kwa likizo yangu, kama mgeni, na mkono wa mtu sitaushika mpaka nipewe. Bibi, nakushukuru kwa kunilinda, ingawa nimekasirika, na yote mawili ni ya kweli.

Kikao kilikuwa Jumamosi. Tulikusanyika kwenye ukumbi wa chuo kimoja, wengine tukawaona kwenye ukuta kwa picha. Nilikuwa na hotuba yangu ya kurasa tano juu ya usafi. Nilisimama nikaisoma ukurasa wa kwanza, nikaishusha. Nikawaambia jambo ambalo hakuna aliyelibishia. Asiyeona akiiwasha mashine isiyosema, hata ilani inayomweleza kwa nini haisemi hawezi kuisoma. Tunamwambia ana uhuru wa kuchagua, tunamwandikia uchaguzi huo kwenye kioo asichokiona. Nikasema bibi yangu alikaa hivyo tangu Februari mpaka Mei, na mimi ndiye niliyempelekea mashine hiyo.

 Mwenzangu mmoja, tunayemwita Sheria, kwa sababu anazijua leseni zote kwa moyo, akainuka akasema: tukifungua mlango huu leo kwa kipande cha sauti, kesho viwanda vitaona hakuna haja ya kutufungulia chochote. Na hakukosea, Babu. Hilo lilikuwa langu, lilikuwa kwenye ukurasa wangu wa pili. Ndipo nikawasimulia mkunga. Nikawasimulia kidole na rangi. Kwamba uliweka, ukasema hukijui, ukaacha alama ya kumwonya kila anayekuja, na ulipopata unachokijua ulirudi ukakwangua.

Sheria akauliza, "Alirudi kweli?"

Nikasema alirudi.

Tumepiga kura. Vipande vilivyofungwa vitaingia kwenye diski, lakini kila kimoja kitatangazwa, kwa maandishi na kwa sauti, kabla ya kazi kuanza: mashine yako imehitaji hiki, ndani yake hatupajui, ukikataa sema hapana. Vitawekwa kando peke yao, visichanganyike na vyetu. Na kila kimoja kina mtu aliyejitolea kukiandikia mbadala ulio wazi. Chipu ya mashine yenu nimeichukua mimi. Huenda ikanichukua miaka, lakini siku nitakayomaliza nitakuja na msasa.

Wawili wametuacha, hawakukubali, na mmoja wao namheshimu sana. Sheria amebaki. Kwenye kumbukumbu zetu wameanza kuviita vipande hivyo "madoa". Hawajui la mashine yenu limepakwa rangi ya baiskeli.

Asante, Babu, kwa kukataa kwako kwa zamani, ndiko kulikonifikisha hapa. Asante, bibi, kwa kuuliza ule ufunguo unafungua nini.

Spana


9 Julai

Mjukuu wetu Spana,

Mimi nina miaka themanini na moja na nusu, na barua hii naisema, bibi yako anaandika. Anapiga herufi kwenye mashine, mashine inataja kila herufi, naye akikosea anaifuta kabla hata sijamaliza kumlaumu. Kwa hiyo nukta zote ni zake. Nitakwenda kuichapisha kwa mtu wa stesheneri, ambaye ameshaambiwa nani ameiandika, na hakuamini.

Tuko wazima. Watoto wa paka wamegawiwa, mmoja amekwenda kwa kinyozi, ambaye sasa anataka mwanawe wa matofali ajifunze kompyuta. Nimemwambia amechelewa lakini ajaribu.

Barua yako bibi yako ameisikiliza peke yake, mimi nikiwa nje, alinitoa. Aliponiita alikuwa na furaha na masahihisho kumi na moja. Yamo kwenye flashi, yamefungwa vizuizini kama zamani, ila wino hauna rangi. Anasema "kwa moyo" hapo pa Sheria ulitakiwa useme "kwa kichwa". Nimemwambia akuache, akasema hajakuacha tangu una miaka sita.

Umemwambia yule Sheria nilirudi. Asante kwa kuniapia bila kuona. Lakini mimi sipendi kuaminiwa bure. Mkunga yu hai, amestaafu, anauza maua nyuma ya ile zahanati, aliponiona juzi alinyoosha mkono juu ya fremu bila kuulizwa akanionyesha nilipokwangua, mbao pale ni nyeupe mpaka leo. Fundi viatu anaweza kuapa kuhusu rangi, nilimlipa kwa kufuli. Kinyozi aliona duka likifungwa mchana. Hao ni mashahidi watatu, wote wazima wa akili, ukimwondoa kinyozi.

Wa nne ni bibi yako, aliyekuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, na anayeandika hapa sasa hivi kila neno ninalosema, hawezi kukataa.

Mimi, bibi yako, nimeyaandika yote kama alivyoyasema, na ninayathibitisha, isipokuwa ile habari ya mafua.